Kizunguzungu cha Kondoo: Tiba Yake Huanzia kwa Mbwa

Hotuba ya afisa mifugo katika mkutano wa wafugaji



Mada niliyopewa ni kizunguzungu cha kondoo na mbuzi, maradhi ambayo Wamaasai huyaita ormilo. Dalili zake mnazijua: mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka papo hapo, hujitenga na kundi, macho hupoteza nuru, na mwishowe hulala asiinuke tena.

Chanzo chake ni tegu aishiye katika utumbo wa mbwa. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi na kutapakaa malishoni. Kondoo akiyala pamoja na majani, kiluwiluwi husafiri kwa damu hadi ubongoni, na huko hujenga kifuko cha maji kinachokua kwa miezi kadhaa na kuubana ubongo. Ndani ya kifuko mna vichwa vingi vya tegu. Mbwa akiula ubongo huo, tegu wapya huzaliwa tumboni mwake.

Je, kuna tiba? Daktari wa mifugo aweza kutoboa fuvu na kukitoa kifuko, ikiwa hakiko ndani sana. Lakini upasuaji huo huhitaji utaalamu, na gharama yake huweza kuzidi bei ya kondoo mwenyewe. Hivyo njia yetu ya uhakika ni kuanza na mbwa. Nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kichwa cha kondoo au mbuzi kisitupiwe mbwa. Kichomwe moto au kifukiwe katika shimo refu. Najua mbwa hulinda zizi usiku kucha, na kichwa ni ujira wake. Lakini ujira huo ndio unaoturudishia maradhi. Tumpe chakula kingine, na kama ni nyama, ipikwe.

Pili, mbwa wapewe dawa ya prazikwanteli kila baada ya miezi 3. Dawa hiyo huua tegu, haiui mayai. Kwa hiyo afungwe kwa siku 2, na kinyesi chake kifukiwe. Nasi tunawe mikono tumshikapo, kwani mayai hayo humdhuru hata binadamu.

Tatu, mwiteni afisa mifugo kabla ya kununua dawa dukani. Ng'ombe azungukaye naye huitwa mgonjwa wa ormilo, ilhali maradhi yake huletwa na kupe, na kinga yake ni josho. Tena, mnyama atokwaye na mate, abadilikaye sauti au ashambuliaye wenzake, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo msimguse, wala msimpasue kichwa. Toeni taarifa siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, kundi huokolewa na mkono unaokizuia kichwa kimoja kisifike kwa mbwa. Kazi hiyo haihitaji fedha, na kila boma laweza kuianza leo.