Kitalu Nyumba cha Nyanda za Juu na Kitazame Kaskazini

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.



Mimi si mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu ni habari, na haya nitakayoyasema nimeyakusanya kwa kufuatana na maofisa ugani shambani, daftari mkononi. Kama kuna nitakapokosea, wao wapo hapa na watanisahihisha.

Kipo kikundi kimoja kilichoniruhusu nisimulie habari zake, mradi nisikitaje. Kilikopa, kikanunua kitalu nyumba cha nailoni chenye nyavu ubavuni, kikapanda nyanya. Alfajiri moja ya Julai sakitu ilitanda mabondeni, na jua lilipochomoza miche yote ilikuwa imelegea na kuwa myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nyanya zilikufa, marejesho ya mkopo hayakufa.

Wanakikundi walidhani nailoni ni blanketi. Sivyo. Nailoni huruhusu jua kuingia mchana, lakini usiku wa mbingu nyeupe joto hupenya humo humo likapaa. Pengine ndani huwa baridi kuliko nje. Tena vitalu vingi vinavyouzwa nchini vimebuniwa kwa ajili ya nchi ya joto, ambako shida ni kuupunguza mvuke na kuzuia wadudu. Sisi wa nyanda za juu za Njombe shida yetu ni usiku wa Juni hadi Agosti.

Dawa ya usiku huo si kuni wala umeme. Ni kuliweka akiba joto la mchana. Wakulima wa Ladakh, kule India, hula mboga mbichi katikati ya majira ya barafu kwa kutumia kuta za tofali za udongo na nailoni upande mmoja tu. Wachina wa jimbo la Shandong hujenga ukuta mnene wa udongo, na jioni hufunika nailoni kwa mikeka ya mabua. Hakuna hata kimoja hapo ambacho hatuna: udongo tunao, mabua ya ngano tunayo, na maranda ya misonobari yanachomwa ovyo kwenye viwanda vya mbao.

Ila hapa ndipo penye mtego, nami naomba mnisikilize vizuri. Ladakh na Shandong ziko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo michoro yao yote inaagiza nailoni itazame kusini. Sisi tuko yapata nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua letu la mchana liko kaskazini. Anayenakili mchoro wa kigeni neno kwa neno atalipa jua kisogo, na hivyo ndivyo lile bamba la nailoni la kikundi kile lilivyowekwa.

Msitegemee dira ya simu peke yake. Chomekeni fimbo iliyonyooka wima uwanjani mwezi Juni, mkatazame kivuli chake yapata saa saba kasorobo mchana, kwa kuwa huo ndio mchana halisi wa huku, si saa sita kamili. Hapo kivuli ni kifupi kuliko saa nyingine zote, nacho huelekea kusini. Upande huo ndio wa ukuta.

Jengo basi lirefuke toka mashariki hadi magharibi. Kwa upana wa mita 4, ukuta wa kusini uwe na kimo cha mita 2.8 na ule wa mbele sentimita 30 tu. Nailoni ikilazwa juu yake hupata mwinamo wa nyuzi 32 hivi, na jua la Juni huipiga karibu wima. Tofali mbichi zatosha, unene wa sentimita 40, juu ya msingi wa mawe ili maji yasile udongo. Kwa nje ukuta uvikwe maranda makavu yaliyozibwa kwa mbao, joto lisitorokee nyuma. Kwa fito, mianzi inafaa, ilimradi vifundo vilainishwe visipasue nailoni (na tafadhali msikate ile inayogemwa ulanzi, tusije tukapelekana baraza la kata).

Kando ya ukuta pangeni mapipa ya lita 200 yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji. Pipa moja likipoa kutoka nyuzi 25 hadi 15 hutoa joto sawa na uniti mbili na theluthi za LUKU. Mapipa kumi ni uniti 23 kwa usiku mmoja, bila kununua hata moja.

Mikeka iteremshwe saa kumi na moja jioni, kabla joto halijatoka, na ikunjwe jua likishika asubuhi. Kisha matundu yafunguliwe, ya chini mbele na ya juu ukutani. Wengi husahau hili kwa kuiogopa baridi. Matone yanayoning'inia kwenye nailoni yakidondokea majani huleta baka jani chelewa, na joto la mchana likipita nyuzi 35 maua ya nyanya hupukutika.

Kuhusu fedha: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo wala si zawadi. Kikundi kinachokusudia kitalu kimwite kwanza ofisa ugani aukague uwanja na mchoro, ndipo kiandike andiko. Nunueni nailoni iliyotengenezwa kukabili jua. Ile ya kawaida hukatika msimu mmoja.

Kikundi nilichokisimulia kimehamisha nailoni yake. Nilipopita juma lililopita, ukuta wa kusini ulikuwa umefika kiunoni.