Ziwa Lisilotoa



Kaskazini mwa nchi yetu, katika jangwa, liko Ziwa Turkana. Mvua huko ni haba. Karibu sehemu 9 katika kila 10 za maji yake huletwa na mto Omo, kutoka milima ya Ethiopia. Wataalamu watuambia kwamba enzi ya barafu ilipokwisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, mvua ziliongezeka. Ziwa likapanda karibu mita 100 kuliko leo, likafurika, na maji yake yakafika Mto Nile. Sangara walio humo hata sasa ni wa jamii ya Nile. Kisha, miaka 5,000 hivi iliyopita, mvua zilipungua na njia ya kutokea ikakauka. Tangu hapo ziwa hupokea wala halitoi. Jua hunywa maji, chumvi hubaki. Nayo maji yamekuwa ya magadi.

Sisi wa Komarock nasi twaishi kwa mvua ya mbali, inyeshayo Aberdare na kukusanywa katika bwawa la Ndakaini. Siku za mgao, mwenye tangi akifunga lango, jirani hupita na mtungi mtupu. Je, mvua ile ilikuwa yake? Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wasiuze walichopewa bure (Mathayo 10:8). Tusipotoa, mioyo yetu itaingia chumvi.

Na tuombe. Ee Mungu, zibua njia zilizokauka ndani yetu, ili wema wako uwafikie jirani zetu. Amina.