Tuzibe Hewa Kwanza, Pampu Kubwa Baadaye
(Maneno ya Mweka Hazina kwenye mkutano wa mwaka)



Hoja iliyo mbele yetu ni kuchangia pampu kubwa zaidi, kwa kuwa iliyopo "imechoka". Mimi ni mhasibu, si fundi. Kazi yangu ni kuuliza shilingi inakokwenda. Dizeli tunayonunua ni ile ile, lakini maji yanayofika tangini yamepungua. Kabla ya kuilaumu pampu, tuulize kinachoingia ndani yake.

Pampu yetu ina panga linalozunguka. Panga huyarusha maji pembeni kwa kasi, na kasi hiyo hugeuka kuwa msukumo wa kuyapandisha mlimani. Hewa ni nyepesi kuliko maji karibu mara 800, hivyo hairushiki. Maji hukimbilia nje, hewa hubaki katikati ya panga na kuziba njia. Ikifika asilimia 2 au 3 tu ya ujazo, maji huanza kupungua. Ikizidi 6 hivi, pampu nyingi za aina hii huacha kabisa kuvuta. Injini inanguruma, tangi halijai, na sili isiyopozwa na maji huungua.

Hewa inapita wapi? Bomba la kunyonya lina tabia yake. Shinikizo la ndani ni dogo kuliko la nje, kwa hiyo ungio lililolegea halidondoshi maji, bali huvuta hewa. Ukipita hapo unaona pakavu, unadhani ni pazima. Tena kiangazi maji yakishuka kisimani, mdomo wa bomba hukaribia uso wa maji. Maji huzunguka, hufanya shimo, na hewa humezwa humo.

Pampu kubwa haitatibu hayo. Itanyonya kwa nguvu zaidi, na hewa itaongezeka.

Naomba mchango wa mwaka huu uanzie hapa: fundi apake povu la sabuni kwenye kila ungio la bomba la kunyonya pampu ikiwa kazini. Povu likimezwa, ugonjwa umeonekana. Tubadilishe maungio mabovu, tushushe mdomo wa bomba, kisha tupime upya: dizeli lita ngapi, tangi limejaa kwa saa ngapi. Hesabu ikikataa, nitakuwa wa kwanza kuchangia pampu mpya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.