Chora Ukoo Wako, Uijue Selimundu

Je, katika ukoo wenu yuko mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli? Chukua karatasi na kalamu. Chora ukoo wako.

Mwanamume mchoree mraba. Mwanamke, duara. Mume na mke waunganishe kwa mstari. Watoto wao wapange chini yao, kuanzia mkubwa. Babu na bibi wakae juu. Mwenye selimundu, jaza umbo lake lote kwa wino. Baba yake na mama yake, kama wao si wagonjwa, jaza nusu nusu.

Kwa nini nusu? Selimundu si kurogwa, wala haiambukizwi. Mtoto huirithi kwa baba na mama, wote wawili. Mzazi aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu kwa kawaida haumwi. Lakini anaweza kumrithisha mwanawe kinasaba hicho. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Narudia: kila mimba.

Sasa tazama mchoro. Shangazi, mjomba, ndugu wa tumbo moja: huenda nao wamebeba kinasaba hicho. Mchoro unaonyesha nani apimwe. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha.

Basi, waulize wazee. Chora ukoo. Nenda na mchoro huo hospitalini, uombe kupimwa selimundu, hasa kabla ya kuoa au kuolewa. Na mama asilaumiwe peke yake. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili.