Rekodi za Simu Yako ni za Nani?

(Mazungumzo haya yalitolewa katika semina ya siku moja mbele ya wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyafupisha kidogo.)

Asanteni kwa chai. Niliombwa nizungumze juu ya simu, na naona wengine mlidhani nimekuja kuwauzia moja. Hapana. Nimekuja kuzungumza juu ya kile kinachobaki baada ya wewe kukata simu na kuirudisha mfukoni.

Ukipiga simu, kampuni huandika. Huandika nambari uliyopiga, siku, saa, mlizungumza kwa muda gani, na mlingoti gani ulioshika simu yako wakati huo. Maneno mliyosema hayamo. Sasa mtu ataniuliza, kama maneno hayamo, siri iko wapi? Hebu fikirini. Mama mmoja ampigie mhudumu wa kliniki mara tatu kwa wiki, halafu dada yake, halafu wakili. Hukusikia hata neno moja, lakini tayari umeshajitungia hadithi, si ndiyo? Na pengine hadithi yenyewe ni ya uongo mtupu, alikuwa anauliza tu juu ya hati ya shamba la marehemu baba yake. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mambo yamezidi. Sasa tunaonekana pia tumemtumia nani pesa, ngapi, na saa ngapi usiku.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita hesabu ya kikundi chetu ilipungua shilingi 4,200. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Tulimwambia mweka hazina alete taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, yote, ikiwa imechapishwa. Akaileta, kwa sababu ukikataa watu husema umekula. Tukaipitisha mkono kwa mkono pale chini ya mti. Pesa tuliziona ukurasa wa pili: alikuwa amemtumia fundi wa tangi kama tulivyomwagiza sisi wenyewe, na mimi katibu sikuandika katika daftari. Lakini watu hawakuishia ukurasa wa pili. Wakaona kwamba kila mwezi anamtumia mtu fulani pesa za karo. Kufikia siku ya soko, habari ya yule mtoto ilikuwa imefika kila mahali, kila mmoja na toleo lake. Yule mama aliacha kikundi. Tukikutana njiani ananisalimu vizuri sana, na salamu hiyo huniuma kuliko matusi.

Tulihitaji mstari mmoja. Tukasoma maisha ya mtu ya miezi sita.

Msidhani ni mambo ya kijijini peke yake. Mwaka wa 2006 huko Marekani, wakubwa wa kampuni ya kompyuta inayoitwa Hewlett-Packard walitaka kujua ni nani kati yao anayepeleka siri za mikutano magazetini. Wapelelezi waliokodiwa wakapiga kwa kampuni za simu wakijifanya ndio wateja wenyewe. Jina wanalo, nambari wanayo, sauti ya upole wanayo. Wakapewa rekodi za wakurugenzi na za waandishi wa habari 9. Jambo lilipojulikana, mwenyekiti wa halmashauri, Patricia Dunn, alilazimika kuondoka mwaka huo huo. Wakati ule kulikuwa hata na watu wanaouza rekodi za namna hiyo waziwazi katika intaneti. Bunge lao likapitisha sheria iliyotiwa sahihi Januari 2007: atakayepata rekodi za simu za mtu kwa udanganyifu, au kuziuza, au kuzinunua akijua zilivyopatikana, anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Angalieni jambo moja. Hapakuvunjwa mlango wowote. Mtu alijifanya mwenye laini, basi. Na hapa kwetu njia ni hiyo hiyo, ila sisi tuna njia fupi zaidi, ile ya kusema "nina kijana wangu huko ndani." Namjua mama mmoja, sitasema wa wapi. Mumewe alimpa mtu pesa kidogo, akaletewa orodha ya simu alizopiga mkewe. Akaona nambari asiyoijua, kila mara saa nne usiku. Mama akapigwa hadi akalazwa. Nambari ilikuwa ya kaka yake, bawabu wa usiku mjini, aliyekuwa amebadilisha laini. Yule aliyetoa orodha labda alidhani amemsaidia rafiki.

Sasa sheria inasemaje? Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Inasema habari za jamii yako na mambo yako ya kibinafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25 mwaka huo. Chini ya sheria hii, anayechukua habari zako bila idhini, au akampa mtu mwingine bila ruhusa, au akaziuza, ametenda kosa la jinai. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 3 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo yule "kijana wangu huko ndani" hafanyi msaada, anachezea jela. Na wewe uliyeumizwa unaweza kudai fidia.

Sheria inakupa pia haki ya kuuliza: mna habari gani zangu, na mnazitumia kwa kazi gani? Zikiwa na makosa, zirekebishwe. Usipotendewa haki, unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Wazee wangu, hapa sikilizeni vizuri: unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na ofisi inatakiwa kuyaandika uliyosema. Uchunguzi unapaswa kumalizika ndani ya siku 90. Usikae nyumbani eti kwa sababu hujui kuandika barua ya Kiingereza.

Je, inafanya kazi? Kwa kiasi. Mwaka wa 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa sababu ilichukua majina na nambari za watu na kuwapelekea simu na ujumbe wa vitisho. Mnaijua hiyo tabia. Jirani amekopa, wewe ndiye unapigiwa uambiwe akulipie aibu yake. Tangu mwaka 2022, kanuni za Benki Kuu zinawakataza hao wakopeshaji kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mkopaji. Lakini sitawadanganya, sheria haimfikii kila mtu. Yule mama aliyepigwa hakulalamika popote, na sikumlaumu.

Polisi nao? Wakipeleleza wizi au mauaji wanaweza kupata rekodi, na kwa kawaida huenda kwa hakimu kuomba amri. Hiyo ni njia halali, na huenda siku moja ikakusaidia wewe. Chifu, mwajiri, mume, mke, au mwenyekiti wa kikundi si hakimu.

Turudi kwetu, maana hata sisi tunashika habari za watu. Lile daftari la wanachama lenye nambari za kitambulisho na za simu, linalala wapi? Kwa wengine nimelikuta juu ya meza ya kinyozi. Kikundi chetu kilipata funzo kwa gharama. Sasa mweka hazina ana laini ya kikundi peke yake, haichanganyiki na ya nyumbani. Hesabu ikigombaniwa, wakaguzi wawili tuliowachagua wanakaa naye, wanaangalia malipo yanayohusika, wanaandika, karatasi zinarudi kwake. Kopi za vitambulisho zilizobaki kutoka ule mradi wa mbuzi tulizichoma, hakuna aliyekumbuka tuliziweka kwa nini.

PIN sitaisemea tena, mmeambiwa mara mia. Ila nimemwona mmoja wenu asubuhi hii akimpa mtoto simu, na PIN pia, akamnunulie mikate ya chai. Mikate ilikuwa mizuri.

Nitapokea maswali. Mzee wa pale nyuma aliinua mkono hata kabla sijaanza, tumsikie yeye kwanza.