Usiivute kamba kwako



Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Methali hiyo tunaiona kila siku katika biashara, katika siasa, na hata katika kugawana urithi. Lakini iko sehemu moja ambapo anayevuta kwake huanguka. Sehemu hiyo ni juu ya maji, nyuma ya boti ya mwendo kasi, katika mchezo wa kuteleza kwa skii moja, ambao wenyewe huuita slalomu.

Huku pwani mchezo huu umezoeleka kuwa wa wageni na wenye boti zao. Hata hivyo, anayeshika usukani, anayekunja kamba na anayemwopoa aliyeanguka, mara nyingi ni kijana wetu. Naye akipata nafasi hutaka kujaribu. Simlaumu hata kidogo. Ninachotaka ni ajaribu akiwa na maarifa, maana maji kwa mwendo ule huwa magumu kama sakafu.

Kwanza tuuelewe mchezo. Boti hupita katikati kwa mstari ulionyooka. Mtelezaji huingia kwenye lango la maboya mawili, huyazunguka maboya 6, matatu kila upande, kisha hutokea kwenye lango la pili. Kutoka lango hadi lango ni mita 259, na kila boya la kuzunguka liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Katika mashindano makubwa mwendo wa boti hufika kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Kwa kilomita 58, safari yote huisha kwa sekunde kama 16 tu.

Akishayazunguka yote kwa mwendo huo, boti haiongezewi kasi tena. Hufupishwa kamba. Huanza mita 18.25, ikaja 16, 14.25, 13, 12, halafu 11.25 na kuendelea kupungua. Hebu piga hesabu, ndugu msikilizaji. Kamba ni mita 11.25, na boya liko mita 11.5. Kamba haifiki! Inabidi mtu mwenyewe aunyooshe mwili na mkono wake mpaka skii ipite nje ya boya.

Sasa anafikaje? Wengi hudhani ni kwa nguvu za mikono. Boti nyingi za mchezo huu zina injini yenye nguvu za farasi 300 au zaidi, na hakuna mwanadamu atakayeshinda kuvutana kamba na farasi 300. Ukikunja viwiko ili ujivutie kamba, mabega huja mbele, kiuno kinakunjika, makalio yanabaki nyuma, na boti inakubeba kama mzigo.

Fanya hivi. Nyoosha mikono, mpini uwe chini karibu na nyonga. Kunja vifundo vya miguu na magoti kidogo, peleka nyonga mbele kuuelekea mpini, inua kifua, tazama mbali na usitazame ncha ya skii. Uzito ukae juu ya miguu yote miwili. Kisha uegemeze mwili mzima upande wa pili wa boti, kuanzia vifundoni, kama mtu aliyeegemea ukuta. Skii italala ubavu, ubavu utakata maji, nawe utavuka mawimbi ya boti. Ukishavuka, punguza kuegemea, achia mkono mmoja, nyoosha mwingine, uiache skii igeuke yenyewe.

Kamba ikilegea wakati wa kugeuka, usiikwanyue. Kunja magoti, subiri ikaze taratibu. Ikiwa imelegea sana, achia mpini. Kuanguka kwa hiari ni afadhali kuliko bega kuteguka.

Ukitaka ushahidi kwamba siri ni kuegemea, mkumbuke kijana Mmarekani Ralph Samuelson, mwanzilishi wa mchezo wa skii za majini. Mwaka 1922, akiwa na miaka 18, alihangaika katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, kwa mbao za mapipa, kisha kwa skii za theluji, na mwisho kwa mbao alizotengeneza mwenyewe. Kila mara alizama. Tarehe 2 Julai alijaribu kuegemea nyuma na kuziacha ncha za mbao zitokeze juu ya maji. Akasimama! Misuli yake ilikuwa ile ile ya jana. Miaka 50 baadaye, katika Olimpiki ya Munich ya 1972, mchezo huo ulionyeshwa kama mchezo wa maonyesho.

Tuje kwenye vifaa. Anayeanza na aanze kwa skii mbili, kisha aachie moja akiwa mwendoni. Mguu anaosimamia vizuri zaidi ndio ukae mbele. Skii ndefu na pana humfaa mwenye uzito mkubwa na anayekwenda polepole, kwa hiyo usiazime ya bingwa ukadhani utakuwa bingwa. Kiatu cha skii kibane vya kutosha, lakini mguu uweze kuchomoka ukianguka. Kamba iwe ya kazi hiyo. Kamba ya nanga hutanuka, na ikiachia hurudi kwenye boti kama manati. Kamwe usizungushie kamba mkononi, wala usipitishe mkono au kichwa ndani ya mpini. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe hata na anayejua kuogelea, na kaptura nzito ya mpira ivaliwe pia, kwa kuwa maji yanayoingia kwa kasi chini ya mwili huweza kuumiza sehemu za ndani. Ukimaliza, suuza vifaa kwa maji baridi, chumvi isivile.

Mwili nao uandaliwe nchi kavu. Chuchumaa na kuinuka, simama kwa mguu mmoja, jining'inize kwenye tawi la mwembe ili vidole vizoee kushika, jikaze tumbo na mgongo ukiwa umejiegemeza kwa viwiko. Dakika 15 kila siku zinatosha kwa kuanzia. Nenda majini alfajiri kabla upepo haujaamka. Vidole vikianza kuchoka, maliza. Wengi huumia katika mzunguko wanaouita wa mwisho.

Nimeweka la boti mwishoni ili likae kichwani. Nahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo dereva awe mmoja, asiyekunywa pombe. Pembeni yake awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kumtazama mtelezaji tu. Dole gumba juu, ongeza mwendo. Dole gumba chini, punguza. Kiganja shingoni, simamisha. Aliyeanguka akiunganisha mikono juu ya kichwa, yu salama. Asipofanya hivyo, mfuateni upesi, lakini mkaribieni polepole na kwa tahadhari. Injini izimwe kabisa kabla hajashika boti, maana rafadha haina huruma, na moshi wa nyuma ya boti una sumu isiyo na harufu.

Kijana unayenisikiliza, ukiambiwa mtu wa pili ni gharama bure, kataa kuondoa boti. Tajiri atanuna asubuhi moja. Mama yako atalia miaka yote.

Mkamia maji hayanywi. Wengine waendelee kuambia ngoma, wewe nyoosha mikono.