Jenereta ya Genge la Usiku
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Tumeombwa tuseme juu ya jenereta ndogo ya kubebwa, ile tunayoipakia juu ya toroli tunapotengeneza reli usiku. Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi wa stima. Lakini sisi ndio tunaokesha nayo.

Mnaukumbuka usiku ule wa mvua baina ya Ruiru na Thika. Tuliingia ndani ya behewa la mizigo, tukaivuta jenereta ndani isilowe, tukafunga mlango kwa sababu ya baridi. Taa ziliwaka vizuri sana. Punde vichwa vikatuuma, mmoja akatapika, wawili wakalegea kama walevi, na pombe hapakuwa nayo. Nyapara alikuwa ametoka kwenda haja. Aliporudi akatuona, akafungua milango, akatuburura nje mmoja mmoja. Asingebanwa na haja usiku ule, tungezikwa.

Katika moshi wa injini ya petroli mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa hewa njema, na mtu huona usingizi tu. Kufungua dirisha hakutoshi. Mashine ikae nje, hatua kumi au zaidi kutoka mlangoni, na moshi uelekee upepo unakokwenda. Wenzetu wenye mashua kule Ziwa Victoria wana taabu kutushinda, kwa maana mashua haina hatua kumi. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya mashua, na cheche moja yatosha. Kwa taa za kuvulia, sisi tungewaambia wachukue betri, waiache jenereta pwani.

Sasa habari ya kununua. Mwenye duka hukuonyesha namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Hiyo ni nguvu ya muda mfupi. Uliza ile ya kutwa. Halafu hesabu: taa nne za wati 100 ni 400, mashine ya kusaga reli labda 1,200, nayo ikianza kuzunguka yaweza kutaka mara mbili au tatu ya hizo. Na Thika iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupoteza karibu tatu katika mia kwa kila mita 300. Jenereta ya wati 3,000 kule Mombasa, hapa kwetu hutoa kama 2,500.

Petroli itiwe mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Na stima ikikatika ofisini, mtu asiichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani. Nguvu hurudi mpaka kwenye nguzo, transfoma huizidisha ikawa maelfu ya volti, na aliyepanda juu akidhani waya umekufa ni mfanya kazi kama sisi.

Tumedai waya mrefu na kibanda cha turubai cha kuikinga mvua huko nje. Wakubwa wamejibu kwamba fedha hakuna. Halmashauri ya tawi itawarudia Jumamosi. Kila genge lilete mtu mmoja, na wale wawili waliolegea waje pia, wakaseme wenyewe.